Okapi yangu, kutoka kisu cha kumenyea mpaka kisu cha kubebeshea michungwa: shajara ya mradi

Januari 11

Leo nimekipata. Kisu cha kukunja cha Okapi yenyewe, mpini wa mbao ya kahawia wenye nyota na miezi midogo ya madini ubavuni na kapete kanakoning'inia mgongoni. Kuna kaka mmoja wa malori anashukaga Tunduma, anarudi na vitu vya upande wa pili, mablanketi, sufuria, na safari hii alikuwa na visu vitatu ndani ya boksi la viatu pale Ngamiani, Tanga mjini. Alianza na 25,000 tukamalizana kwa 18,000. Naona ni bei ya haki, maana vile vya elfu 5 vinavyotembezwa barabarani, vyenye tochi na kifungulio cha soda, nimeshavunja viwili ndani ya mwaka mmoja na kimoja kilijikunja chenyewe juu ya kidole cha shahada, kovu ninalo mpaka leo.

Sababu ya kununua ni shamba. Michungwa ya marehemu babu kule Muheza imechoka, mjomba ameotesha kitalu cha milimao tangu mwaka jana, ile milimao ya maganda yenye makunyanzi, na masika hii tunataka kuibebesha michungwa ya Valensia, yaani kupachika jicho la mchungwa chini ya ganda la mche wa mlimao. Siku zote tulikuwa tunaita mtu anakuja na kisu chake anatoza kwa mche. Mjomba alibebesha sana ujanani ila sasa macho yamepungua, akaniambia mpwa wangu wewe tafuta kisu, mengine nitakuonyesha. Kwa hiyo mradi ndio huo, nichukue kisu cha kukunja cha kawaida nikigeuze kiwe cha kubebeshea, maana vile vilivyotengenezwa maalum kwa kazi hiyo, kama vya Tina vinavyotoka Reutlingen Ujerumani au vya Victorinox wa Uswisi, kwanza huku sijaviona dukani na pili bei yake sio ya mtu mwenye miche sitini.

Nilivyochagua. Vyote vitatu nilivikunjua kimoja kimoja taratibu nikisikiliza meno ya kufungia yanayoshikwa na springi ya mgongoni, Okapi ikifunguka inalia kra kra kra kama mtu anapitisha kucha kwenye kitana, na ukisikia mlio umeruka ujue kuna jino limelika. Halafu nikashika mpini mkono mmoja na ncha mkono mwingine nikatikisa kulia kushoto. Cha kwanza kilicheza kama jino la mtoto, nikakirudisha. Cha pili kilikuwa imara ila ukikikunja ubapa, kile chuma cha kukatia, unasugua ukuta mmoja wa mpini, yaani umekaa upande. Cha tatu kilicheza kidogo sana, kikaingia katikati, nikabaki nacho. Mwisho nikamwomba kaka ruhusa nikakamua tone la ndimu pale shingoni karibu na mpini, pasipoonekana sana. Tukaongea kama dakika tano hivi za bei na barabara, nilipofuta pale palikuwa pameacha doa la kijivu. Hapo nikajua ni chuma cha kaboni kweli, kile kisichoshika kutu kingebaki kinang'aa vile vile. Kaka mwenyewe alishangaa, anauza miaka yote hajawahi kuona.

Januari 12

Nimekaa na hiki kisu jana usiku nikafikiri sana juu ya kilikotoka, na nataka niandike hapa maana kinatuhusu sisi wa Tanga moja kwa moja. Okapi ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, na ilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Mjerumani Afrika. Koloni mojawapo ni hapa hapa. Mwaka huo huo wa 1902 Wajerumani wakafungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, milimani juu, wilaya hiyo hiyo ya Muheza lilipo shamba la babu. Jina wamechukua kwa mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi 1901, watu wa Ituri wenyewe walikuwa wanamjua tangu enzi. Kwa hiyo mnyama ni wetu, soko lilikuwa letu, chuma tu ndio kilitoka Ulaya. Tangu 1988 hata hilo limebadilika, vinatengenezwa Afrika Kusini.

Visu hivi vilifika mpaka Jamaika na huko, kama Afrika Kusini, vikapata sifa mbaya kwa sababu ya vijana wa mitaani na ule mlio wake. Naelewa. Ila huku kwetu mjomba anavyosimulia, Okapi ilikuwa kisu cha mzee mwenye shamba, kinakaa kwenye mfuko wa koti, kinamenya chungwa, kinakata kamba ya katani, kinachonga kijiti cha meno. Nakiandalia kazi kama hiyo.

Chuma chenyewe wanakiita 1055, maana yake kaboni ni kama asilimia 0.55. Sio nyingi. Opinel ya Kifaransa ya kaboni inakaribia asilimia 0.9, inashika makali muda mrefu zaidi. Niliwahi kushika Opinel ya mgeni mmoja aliyekuja kuangalia ndege Amani, kisu kizuri mno, kina ile pete ya kuzungusha pale shingoni waliyoianzisha 1955, lakini kwa unyevu wa kule mlimani mpini ulikuwa umevimba mpaka akawa anagonga kitako chake kwenye jiwe ndio kifunguke. Okapi kwa uzoefu wangu wa hizi siku mbili haina shida hiyo, uwazi wa mpini ni mpana. Na chuma laini kidogo kina faida yake, kinanoleka haraka, hata kwa jiwe la kawaida.

Januari 25

Kunoa mara ya kwanza. Kilivyotoka kwenye boksi kilikuwa na makali ya kukatia mkate, basi. Mteremko wa makali haulingani, upande mmoja mpana upande mwingine kama uzi.

Nina kinoo cha kawaida cha duka la vifaa vya ujenzi, kile cha kijivu chenye upande wa kukwaruza na upande laini. Nilikiloweka kwenye ndoo mpaka mapovu yakaisha. Suala la pembe lilinisumbua zamani sana mpaka nilipojifunza kupima kwa rula badala ya kubahatisha: ubapa wangu kutoka mgongo mpaka makali ni milimita 18, nikitaka pembe ya nyuzi 20 kila upande basi mgongo wa kisu ukae juu ya jiwe kama milimita 6. Nikakata kipande cha mbao cha milimita 6 nikawa naweka chini ya mgongo kabla ya kila mizunguko kumi ili mkono ukumbuke. Halafu nikapaka makali wino wa makapeni mweusi. Ukipitisha mara mbili tatu kwenye jiwe unaona wino umefutika wapi. Kama umefutika juu tu, mgongo umelala sana, kama umefutika ukingoni kabisa basi umeinua mno. Wino unasema ukweli kuliko jicho.

Cha kuangalia ni kile kiukingo chembamba cha chuma kinachojikunja upande wa pili. Hukioni, ila ukiburuta kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali (usiburute kwa urefu wa makali, utajikata) kinakwaruza kama uzi wa nailoni. Kikishajitokeza kuanzia shingoni mpaka nchani ndio unageuza upande. Mimi zamani nilikuwa nageuza kabla hakijatokea, ndio maana visu vyangu vyote vilikuwa vikali katikati na butu nchani.

Dakika 50. Kinakata gazeti bila kukwama. Kinanyoa nywele za mkono ila kwa kulazimisha.

Februari 2

Kutu. Juzi nilimenya machungwa manne nikakifuta kwa kanga nikakikunja nikalala. Asubuhi kuna madoa ya rangi ya chungwa karibu na msumari wa shingoni, na ndani ya uwazi wa mpini harufu kama sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Nyumba yetu iko karibu na bahari, hata majembe ukiyaacha nje wiki moja yanabadilika rangi, sasa weka na ndimu na machungwa juu yake.

Nimekisugua kwa majivu laini na kipande cha limau, madoa yametoka. Halafu nikaamua niupe ubapa wote rangi ya kijivu kwa makusudi, maana ile kijivu ya asidi ni tabaka jembamba linalopunguza kutu nyekundu. Siki nyeupe, nikaichemsha kidogo, nikasafisha ubapa kwa sabuni na spiriti mpaka maji yanatandaa bila kujikusanya matone, nikautumbukiza kwa dakika 15, nikatoa nikasuuza, nikarudia mara tatu. Mpini nilikuwa nimeufunga kwa nailoni usiguse siki. Umetoka kijivu cha wingu la mvua na sehemu moja karibu na ncha ina bluu bluu kidogo. Sio rangi ya kupaka, ni chuma chenyewe, ikiisha inarudi kwa kutumia.

Mafuta nimegawa hivi: ubapani mafuta ya nazi membamba sana, maana kisu kinagusa chakula, na kwenye msumari na springi tone moja la mafuta ya cherehani. Usiweke mafuta ya nazi kwenye msumari, baada ya muda yananata na vumbi linakaa humo humo.

Februari 16

Kule kucheza kidogo nilikokuona siku ya kununua kumeongezeka. Kisu cha kukunja kikianza kucheza ndio mwanzo wa mwisho wake usiposhughulika, maana kila ukikata inalika zaidi lile tundu. Kinachoshika ubapa ni ribiti, hakuna skrubu ya kukaza. Kwa hiyo unaigonga.

Nimekwenda kwa fundi wa mageti jirani akaniazima kipande cha reli anachotumia kama fuawe. Kichwa kimoja cha ribiti juu ya reli, nyundo ndogo ya gramu 200, na kugonga kwenyewe ni kama unagonga mlango wa mtu aliyelala, kidogo kidogo kuzunguka ukingo wa kichwa ili kisambae, sio katikati. Gonga mara tano, fungua funga, tikisa. Gonga tano tena. Nilipofika kama ya ishirini kikawa kimekaza sana kikawa hakifunguki kwa mkono mmoja, moyo ukashtuka, lakini mafuta ya cherehani na kukifungua kufunga kama mara mia huku naangalia mpira kikalainika chenyewe. Sasa hakichezi hata chembe.

Na ile pete ya mgongoni, inayoinua springi ili meno yaachie, ilikuwa ya waya laini imeshaanza kupanuka pale ilipoungana. Ikichomoka kisu hakikunjiki, utatembea nacho kimefunguka. Nimeibadilisha na pete ya funguo ndogo, ile ya mizunguko miwili. Imekuwa nene kidogo ila kidole chenye maji kinaishika vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza.

Machi 1

Leo imeniuma.

Kisu cha kubebeshea kinatakiwa kiwe bapa kabisa upande mmoja, na mteremko wa makali uwe upande wa pili tu, kama patasi. Ule upande wa bapa ndio unaoongoza, jeraha linatoka limenyooka na ganda la jicho linalala juu ya mti bila nafasi ya hewa. Mjomba alinionyesha kwa simu ya video jinsi anavyoshika na kuvuta, ndipo nikachagua upande wa kubakisha bapa. Kazi ya kutoa chuma upande mmoja niliona ni kubwa kwa kinoo, nikampelekea jamaa mwenye mashine ya jiwe la umeme. Nilimwambia akiloweshe kwenye maji kila mara. Akasema ondoa wasiwasi. Nilikuwa nimesimama pale pale na bado ilitokea, sekunde tatu tu akiwa ncha ya mwisho, cheche zikabadilika, na nikaona ile rangi ikitembea kwenye chuma kutoka makali kuelekea mgongoni, kwanza ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, bluu. Akatumbukiza majini ikatoa mvuke. Bluu ikabaki.

Mtu akiona anaweza kusema si rangi tu. Hapana. Bluu ile inatokea chuma kikipita nyuzijoto 290 hivi, na hapo ule ugumu kilichopewa kiwandani umeshapungua, maji hayaurudishi. Nimejaribu kwa tupa nyumbani: katikati ya ubapa tupa inauma kwa shida inateleza teleza, ukifika kwenye bluu inazama kama unachonga kucha. Sehemu hiyo haitashika makali tena. Ni kama milimita 12 za mwisho.

Jamaa alikubali makosa, hakuchukua hela. Lakini kosa ni la kwetu wote wawili, mimi ndiye niliyetaka haraka.

Machi 9

Nimelala juu ya jambo hili wiki nzima na nimefika hapa: ncha naikata. Nilipomwambia mjomba akanijibu hata ile ncha ndefu ya mbele ingetutesa, ukichora jeraha la T kwenye ganda ncha kali inapenya mpaka kwenye mti, unataka pua butu iliyoshuka, makali yanyooke mpaka mwisho.

Kwa hiyo jiliwa, ubapa nimeufunika kwa vipande viwili vya ngozi, na tupa. Bluu yote imetoka kwa tupa, nikavuka milimita 2 zaidi kwa usalama, nikaiteremsha pua kutoka mgongoni kuja chini kwenye makali. Kisu sasa kimekuwa kifupi, kinafanana na pua ya samaki changu. Nakiona kizuri, kusema kweli nakiona kizuri kuliko kilivyokuja.

Halafu ndio kazi ya upande mmoja, kwa mkono. Nimeweka msasa wa maji, ule wa mafundi wa kupaka rangi magari, juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Namba 220 kwanza, halafu 400, 800, 1200. Upande wa bapa unaulaza wote kwenye kioo, mgongo na makali vinagusa kwa pamoja, unavuta kurudi nyuma peke yake, ukisukuma mbele makali yanachimba karatasi. Kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nadhani nimekaa saa saba. Vidole vimekuwa vyeusi mpaka kwenye mikunjo. Ile 220 nimemaliza karatasi tatu. Lakini chuma hakikupata moto hata mara moja, ukigusa ni baridi ya maji tu.

Jinsi ya kujua bapa imekuwa bapa kweli: geuza ubapa ukielekea dirishani, mwanga wa mchana utembee juu yake. Kama kuna shimo au kilima mwanga unavunjika kama kwenye bati lililogongwa. Wangu mwanga unatembea moja kwa moja kutoka shingoni mpaka milimita 10 hivi kutoka puani ambako kuna kabonde kadogo jamaa wa mashine alikoacha. Hakagusi makali. Nakaacha.

Machi 22

Upande wenye mteremko nimeupa nyuzi 20 peke yake, kwa hiyo makali yote kwa jumla ni nyuzi 20, nusu ya yale ya Januari. Ni membamba. Hiki kisu sasa hakifai kuchonga mbao kavu wala kukatia waya, makali yatabomoka, na nimewaambia watoto wa dada yangu kabisa kabisa msikiguse kisu cha mjomba wenu hata kwa kufungulia pakiti.

Kumalizia nimetumia mkanda wa zamani wa ngozi niliougundisha kwenye ubao, upande wa ndani ule wenye manyoya, nimepaka rabing kompaundi ya kung'arishia magari. Mara 30 upande wa mteremko, mara 30 upande wa bapa, mgongo ukitangulia. Sasa nywele za mkono zinaruka kabla ngozi haijasikia kitu. Nimekata ukurasa wa gazeti kwa kuushika juu na kuuachia uzito wa kisu peke yake.

Mpini. Ulikuwa na vanishi nene inayoteleza mkono ukilowa. Nimeikwangua kwa msasa 120 kisha 240 nikakwepa nyota na miezi, sikutaka zitoke, zile ndizo sura yake. Kona za nyuma zilizokuwa zinachoma kiganja nimezizungusha. Halafu nta ya nyuki nimeiyeyusha na mafuta kidogo nikasugua kwa kitambaa mbao ikiwa imepata jua. Nilikuwa na ndoto ya kuweka mpini mpya wa mpingo, nikaongea na mchonga vinyago mmoja, akaugeuza mkononi akanionyesha jinsi springi ilivyopigiwa ribiti ndani ya mbao, akasema mpingo ni mgumu unapasuka ukiuchimba bonde refu namna hii kwa haraka, niachie miezi miwili. Masika haisubiri miezi miwili. Nimetoboa tundu moja tu kitakoni nikapitisha kamba nyekundu, maana kisu cha kahawia kikianguka kwenye majani ya shamba la michungwa umekipoteza.

Aprili 13

Muheza. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, leo asubuhi imekata, na mjomba anasema hii ndio siku, maji yamepanda kwenye mti ganda linaachia. Nikamsalimia shikamoo, kabla hajaitikia marahaba ameshanyoosha mkono, lete kisu. Akakikunjua, kra kra kra, akacheka akasema sauti hii sijaisikia tangu baba yangu. Akaipitisha kucha ya gumba kwenye makali, pole pole, akanyamaza. Halafu akasema kafute mafuta yote, mafuta yakiingia kwenye kidonda jicho halishiki.

Nimeyafuta kwa pamba na spiriti. Na kila tukihama mti wa kuchukulia macho, spiriti tena, maana michungwa ina magonjwa yanayobebwa na kisu. Wengine wanatumia jiki, kwa chuma hiki jiki ni sumu, saa moja tu kimeshakuwa na vipele vya kutu.

Nitaandika jicho moja nililolikata mwenyewe vizuri. Mlimao unene wa penseli, nimeondoa miiba kwanza kwa kisu kingine. Kutoka ardhini kama sentimita 25, ili tope la mvua lisirukie kidonda. Mstari mmoja wa kulala, mmoja wa kushuka, T. Kisu kiliingia kwenye ganda kikasimama pale pale kwenye mti, unausikia ule ukomo mkononi kabisa, laini halafu ngumu. Nikatumia mgongo wa pua kuinua masikio mawili ya ganda, ndani pakawa peupe panateleza kama ndani ya ganda la yai bichi. Halafu kwenye kijiti cha Valensia, jani nimelikata nikaacha kikonyo chake kama mpini wa kushikia, nikaanzia sentimita moja chini ya jicho nikavuta kisu kupita nyuma yake kwa mvuto mmoja, bila kusita, na kikatoka kigao kama ngao ndogo, upande wa nyuma umelala sawa kama umepigwa pasi. Mjomba akakisogeza karibu kabisa na macho yake. Akasema hiki kitashika. Nikakitelezesha ndani ya T, nikafunga kwa ukanda wa nailoni kuanzia chini kupanda juu, kila mzunguko ukifunika wa chini kama makuti ya paa, maji yasiingie.

Nimefanya 24. Baada ya kila macho nane nilikirudisha kisu kwenye ule ubao wa ngozi, mara 20, dakika moja. Kwenye jicho la saba nilisikia kabisa kinaanza kuvuta badala ya kukata. Hivyo ndivyo chuma cha 1055 kinavyodai, na dakika moja ya ngozi inakirudisha. Mvua ikarudi saa nane.

Mei 5

Siku 22. Nimefungua nailoni zote, nimekata upande wa nyuma wa mti, sio upande wa jicho. Ukigusa kikonyo kikadondoka chenyewe ujue limeshika, kikiwa kimekauka kimeng'ang'ania ujue limekufa. 19 yako kijani. Matano yamekauka, na matatu kati ya hayo ni ya mwanzo mwanzo nilipokuwa nakandamiza sana, nimeona kabisa mstari wa kahawia umeingia kwenye mti. Mengine mawili sijui, labda maji. Ile 19 mjomba ameipinda milimao yake juu ya jicho ili nguvu irudi chini.

Hali ya kisu: ubapa umekuwa kijivu cheusi kwa utomvu, kutu hakuna. Ribiti haijalegea. Pete ya funguo imeanza kuacha alama kwenye mbao, nitaweka ka-washa ka ngozi. Makali hayajawahi kurudi kwenye kinoo tangu Machi, ni ngozi tu. Ile sehemu ya pua niliyoiogopa nimeijaribu tena kwa tupa, inateleza kama katikati, bluu yote ilitoka.

Miche iliyobaki kitaluni ni 36 na mjomba anataka tuimalize kabla mvua hazijaisha, ila amesema wawili tukigombania kisu kimoja kazi haiendi, na macho yake yamepata miwani mpya ya elfu 10 pale mjini Muheza. Nimempigia yule kaka wa malori. Kile cha kwanza kilichokuwa kinacheza ameshakiuza, kile kinachosugua ukuta bado anacho, na ameleta vingine viwili. Kesho asubuhi nakwenda Ngamiani, na ndimu mfukoni.